Makaburi ya Ostrva: Jina Lipo, Tarehe Ipo, Sababu Haipo

Chini ya mlima Ostrva, upande wa Slovakia wa safu ya milima ya Tatra, kuna makaburi ambayo halijachimbwa kaburi hata moja. Chini ya misonobari ile hakuna maiti. Kilichopo ni kikanisa kidogo cha mawe, misalaba mirefu ya mbao iliyochongwa na kupakwa rangi, na majabali yaliyopigiliwa vibao: jina, mwaka wa kuzaliwa, siku ya kufa, pengine na jina la kilele au bonde. Huitwa Makaburi ya Ishara. Yako karibu na ziwa la Popradské pleso, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na kaulimbiu yake ni fupi: kwa waliokufa, kumbukumbu, kwa walio hai, onyo.

Nusu ya kwanza ya ahadi hiyo imetimizwa vizuri kuliko mahali pengi milimani. Nusu ya pili, kwa maoni yangu, bado ni deni. Kibao kinachosema fulani alifariki mwezi wa Februari kwenye mlima fulani humtia msomaji huzuni, lakini hakimwonyi. Onyo linahitaji sababu. Sababu isipotajwa, msomaji huijaza mwenyewe, na aghalabu huchagua ile inayomtuliza moyo: yule alikuwa mzembe, mimi siye, au yule alikuwa bingwa wa kuta ngumu, mimi napita njia ya kila mtu. Kisha anavaa mkoba wake na kuendelea kupanda.

Wazo la mahali hapa lilitoka kwa mchoraji wa Kicheki, Otakar Štáfl, aliyezichora Tatra kwa miaka mingi. Kabla ya hapo watu waliweka kibao pale pale mpendwa wao alipofia, na milima ikaanza kutapakaa vyuma na mawe ya kumbukumbu. Štáfl alitaka vikusanywe pamoja, mahali ambapo hata mzee au mtoto angeweza kufika kwa miguu. Ujenzi ulifanyika kati ya mwaka 1936 na 1940. Misalaba ilichongwa kwa mtindo wa Detva, eneo la Slovakia ya kati linalojulikana kwa misalaba ya mbao yenye nakshi na rangi kali, na ndiyo inayolipa eneo hili sura yake: nyekundu, njano na buluu kati ya kijani cha misonobari na kijivu cha mawe.

Kwa nini hakuna miili? Kwa sababu mtu akifa mlimani hurudishwa kwao akazikwe na jamaa zake. Wapo pia ambao mlima hauwatoi haraka. Tarehe 28 Januari 2003, maporomoko ya theluji yalikikumba kikundi cha wanafunzi wa sekondari ya mji wa Tychy, Poland, wakipanda mlima Rysy kwa upande wa kaskazini. Walikufa watu 8. Theluji ilishuka hadi kwenye ziwa lililoko chini, Czarny Staw, ikapasua barafu iliyolifunika, na baadhi ya miili haikupatikana hadi miezi kadhaa baadaye barafu ilipoyeyuka. Familia zilizosubiri namna ile zinajua maana ya kuwa na jiwe la kwenda kulishika wakati kaburi halipo. Anayeyaona makaburi matupu kama mapambo ya watalii hajafikiria jambo hilo.

Sasa tutazame kazi ya mikono, kwa kuwa kumbukumbu hulindwa kwa mikono kabla ya kulindwa kwa maneno.

Mbao iliyosimikwa ardhini huoza kwanza pale usawa wa udongo. Sehemu ya juu hukaushwa na upepo, sehemu iliyozama sana hukosa hewa, lakini katika zile sentimita chache za katikati unyevu na hewa hukutana, na kuvu wanaokula mbao hupata vyote viwili. Msalaba unaweza kuonekana mzima, rangi iking'aa, kumbe kifundo chake kimekuwa sifongo. Njia ya kupima ni rahisi: chukua bisibisi, chimbua udongo kidogo, uichome mbao kwa mkono tu. Ikizama sentimita moja bila kugonga, msalaba huo hautamaliza majira ya baridi. Dawa si kuuzika zaidi. Dawa ni kukata sehemu iliyooza na kuusimamisha msalaba juu ya kiatu cha chuma kilichofungwa kwenye jiwe au zege, mguu wa mbao ukiwa umeinuka angalau sentimita 5 kutoka ardhini, ili maji ya theluji inayoyeyuka yapite chini yake.

Kichwa cha msalaba nacho kina adui wake. Kila nakshi inayotazama juu ni kikombe cha maji, na ncha ya mbao iliyokatwa kwa upana hunywa maji kama mrija. Hapo ndipo mafuta ya kuhifadhia mbao yanapotakiwa kwa wingi, kupakwa na kurudiwa mpaka mbao ikatae kunywa. Kosa linalorudiwa na mafundi wenye nia njema ni kupaka rangi nene mara moja juu ya mbao yenye unyevu. Rangi hufunga mlango maji yakiwa ndani. Kiangazi kikija hutoa malengelenge, hupasuka, na mwaka wa pili hubanduka vipande vizima pamoja na uso wa nakshi.

Vibao vina shida tofauti. Parafujo ya chuma cha kawaida ikishika kutu huvimba, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Tundu hupasuka, maji huingia, yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, na kila usiku wa baridi kali ni kama mtu anayepigilia kabari. Kibao cha shaba kilichofungwa kwa parafujo za chuma kina ugonjwa mwingine juu ya huo: metali mbili tofauti zikilowa pamoja, iliyo dhaifu huliwa, na hapa inayoliwa ni parafujo. Ndiyo sababu fundi anayeijua kazi hutumia parafujo za metali ile ile ya kibao, au za chuma kisichoshika kutu, hujaza tundu kwa gundi ya epoksi hadi mdomoni, na huacha pengo la milimita 5 hadi 10 kati ya kibao na mwamba ili maji yateremke na upepo ukaushe. Marumaru iliyong'arishwa hupendeza siku ya kuwekwa, lakini mvua yenye asidi kidogo huilamba. Herufi zilizochongwa kwa kina cha milimita moja hazitasomeka na wajukuu. Jiwe la itale huvumilia.

Haya yote yanafanyika, na yanafanywa na watu wanaojali. Ndiyo maana nasema ahadi ya kumbukumbu imelindwa. Ile ya onyo imeachiwa majina yajisemee yenyewe.

Kweli, mtu anayejua kusoma anaweza kuyasikia yakisema kitu. Ukisimama mbele ya majabali yale, soma tarehe kwanza, majina baadaye. Majina mawili yenye siku moja ya kufa, fikiria kamba: wawili waliofungana, mmoja akateleza, wa pili akavutwa kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichowashikiza kwenye mwamba. Majina kadhaa ya rika moja na tarehe ya majira ya baridi, fikiria maporomoko ya theluji. Jina moja, Julai au Agosti, fikiria jiwe lililoanguka, radi, au mguu uliokosea wakati wa kushuka. Mei na Juni ni miezi ya kuangalia kwa makini zaidi: bondeni kuna maua, lakini makorongo ya kaskazini bado yana theluji iliyoganda usiku kucha ikawa ngumu kama sakafu. Ila haya ni makisio. Yanamsaidia anayejua tayari. Anayehitaji kuonywa hana ufunguo wa kuyafungua.

Chukua hiyo theluji ngumu ya Juni. Mtu anavuka korongo lenye mwinamo wa nyuzi 40, upana wake hatua ishirini tu, nyayo za waliotangulia zikiwa zimechongeka vizuri. Amevaa viatu vya kutembelea. Akiteleza, kama msuguano ni mdogo, baada ya sekunde 3 anakuwa ameshuka zaidi ya mita 20 na kasi yake inakaribia kilomita 60 kwa saa. Kila sekunde anayochelewa kujizuia inafanya kujizuia kuwe kugumu zaidi, na mwenye sururu ya barafu iliyofungwa nyuma ya mkoba ni sawa na asiye nayo. Sururu ishikwe mkononi kabla ya hatua ya kwanza juu ya theluji, upande wa mlimani, na mtu awe amejifunza kujigeuza kifudifudi na kuzamisha ncha yake kwa uzito wa kifua. Meno ya chuma hufungwa chini ya buti kabla ya kuingia korongoni. Katikati hakuna pa kukaa. Asiye navyo arudi. Hatua ishirini hazionekani kama jambo la kumrudisha mtu nyuma, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Au chukua kushuka kwa kamba. Kamba ya mita 60 ikipitishwa kwenye nanga, yaani kishikizo kilichofungwa mwambani, na kukunjwa mara mbili inampa mtu mita 30. Lakini kamba ikiwa haina alama ya katikati, au katikati imekisiwa gizani, upande mmoja unaweza kuwa mita 27 na mwingine 33. Mshukaji hufika mwisho wa upande mfupi, ncha inapita ndani ya kifaa chake cha kushukia, na kamba yote inakimbia kupitia nanga juu. Kinga yake ni fundo katika kila ncha, peke yake, huku zikiachwa sentimita 30 za mkia. Haichukui dakika. Watu hawalifungi kwa sababu wanaogopa fundo litanasa kwenye ufa wakati wa kuivuta kamba, na hofu hiyo ni ya kweli. Ila kamba iliyonasa ni usiku wa baridi, na kamba iliyopita kwenye kifaa ni kifo.

Maporomoko ya theluji yanastahili maneno mengi kuliko yote, maana hapo ndipo watu hudanganyika zaidi kuhusu bahati. Wengi hudhani yanatoka juu kama hukumu. Katika ajali nyingi zinazoua, tabaka la theluji hukatwa na yule yule anayekufa au mwenzake. Miteremko inayohusika zaidi ina mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45, yaani ile inayofaa hasa kwa kupanda na kuteleza kwa ski. Upepo hubeba theluji kutoka upande mmoja wa ukingo na kuilaza upande wa pili kama godoro gumu juu ya tabaka dhaifu. Mtu hukanyaga godoro, chini husikika mngurumo mfupi wa kutua, na ufa hukimbia mbele ya miguu yake. Aliyezikwa akitolewa ndani ya dakika 10, karibu 9 kati ya 10 huwa hai. Ikifika nusu saa ni kama 3 kati ya 10. Helikopta ya haraka namna gani haiwahi muda huo. Anayemwahi ni mwenzake aliyebaki juu, tena mwenye vitu vitatu: kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ya kukunjwa ya kuchomea theluji, na koleo la chuma. Kikikosekana kimoja, vile viwili havisaidii sana. Na wote wasivuke mteremko pamoja. Avuke mmoja, wengine wakimtazama wakiwa mahali salama.

Tatra yenyewe ililijua somo hili mapema, na kwa gharama kubwa. Tarehe 8 Februari 1909, mtunzi wa muziki wa Poland Mieczysław Karłowicz alikwenda peke yake kwa ski na maporomoko yakamwua chini ya mlima Mały Kościelec, akiwa na umri wa miaka 32. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, chama cha uokoaji cha TOPR kikasajiliwa, chama ambacho Karłowicz mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliohimiza kianzishwe. Hapo kifo kilizaa kitu kwa sababu watu walijua kilivyotokea: mtu peke yake, mteremko uliobeba theluji, hakuna wa kumtafuta hadi alipokosekana nyumbani. Wangeambiwa tu kwamba milima imemchukua, wangebaki kulia.

Kisha radi. Tarehe 22 Agosti 2019, dhoruba iliukuta umati juu na kandokando ya Giewont, mlima wa mita 1,894 upande wa Poland, wenye msalaba wa chuma wa mita 15 kileleni na minyororo ya kujishikia njiani. Walikufa watu 4 upande huo, na mmoja zaidi upande wa Slovakia; waliojeruhiwa walipita 150. Msalaba unavuta, minyororo inapitisha, mwamba uliolowa unasambaza. Sauti ya radi huchukua sekunde 3 hivi kwa kila kilomita moja, kwa hiyo mwanga na mlio vikipishana sekunde 30, dhoruba iko kilomita 10 na tayari inaweza kukufikia. Shuka ukingoni, achana na minyororo, usijikunyate chini ya jabali lililochomoza wala mdomoni mwa pango, chuchumaa juu ya mkoba miguu ikiwa pamoja. Zaidi ya yote, kiangazi uwe umeanza kuteremka kabla ya saa sita mchana, maana mawingu ya dhoruba hujengwa na joto la asubuhi hiyo hiyo.

Mtu atauliza: makaburi gani duniani yanasema sababu? Mahali panapokaribia, kwa ninavyoona, ni Zermatt, Uswisi, na hata huko si makaburini. Tarehe 14 Julai 1865, watu 7 waliufikia kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza. Wakishuka, Douglas Hadow, kijana wa miaka 19 asiye na uzoefu, aliteleza na kumgonga Michel Croz aliyekuwa chini yake. Charles Hudson na Lord Francis Douglas wakavutwa nao. Kati ya Douglas na Peter Taugwalder mzee, kamba ikakatika. Watatu wakabaki mwambani, wanne wakaanguka hadi kwenye mto wa barafu. Mwili wa Lord Francis haukupatikana kamwe. Mji wa Zermatt una makaburi ya wakwea milima kando ya kanisa, yanayotunzwa vizuri. Lakini kitu kinachofundisha kiko katika jumba la makumbusho la mji huo: kipande cha kamba yenyewe, chembamba, nyuzi zake zimechanika. Kati ya kamba walizokuwa nazo, iliyotumika mahali pale ilikuwa ile dhaifu. Mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, akiitazama anaelewa mara moja kwamba kamba ilikuwa nyembamba. Kipande kile kinaonya kuliko mawe yote ya uani.

Kwenye K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, kuna mfano mwingine, mgumu zaidi. Agosti 1953, Art Gilkey wa Marekani aligandiwa na damu mguuni akiwa juu ya mita 7,000, wenzake wakaanza kumteremsha katika dhoruba, naye akapotea mteremkoni. Walimjengea rundo la mawe karibu na kambi ya chini, na tangu hapo waliofia mlima ule huwekewa majina hapo. Mengi yametobolewa kwa msumari kwenye sahani za bati zilizotumika kulia chakula kambini. Mwaka uliofuata, Mwitaliano Mario Puchoz alifariki mlimani hapo hapo. Wakati ule ilidhaniwa ni nimonia. Leo hali ile inaeleweka kuwa ni mapafu kujaa maji kwa sababu ya kimo, na dawa yake ya kwanza ni kumteremsha mgonjwa mara moja. Fikiria kama neno "nimonia" lingechongwa kwenye shaba: vizazi viwili vya wapandaji vingesoma onyo la uongo.

Hoja hii inanifanya nisikubaliane na wanaotaka sababu iandikwe kwenye kila kibao. Kibao ni cha familia. Mama aliyempoteza mwanawe hapaswi kukuta neno "alisahau fundo" kila anapokwenda kuweka maua. Wapo pia waliokufa ambao hakuna aliyeona walivyokufa, na kuandika kisio juu ya mtu asiyeweza kujibu ni kumsingizia. Taugwalder mzee aliishi na tuhuma kwamba alikata kamba kuokoa nafsi yake, ingawa uchunguzi ulimwachia huru. Vilevile kuna vifo ambavyo sababu yake haiwi kosa. Agosti 1910, Klimek Bachleda, kiongozi wa wapanda milima wa Zakopane, mji wa Poland chini ya Tatra, aliyekuwa akikaribia miaka 60, alikwenda na waokoaji wa TOPR kumfuata mtu aliyejeruhiwa kwenye ukuta wa mlima Mały Jaworowy. Mvua na baridi vilikuwa vikali, mkuu wa msafara akaamuru warudi. Bachleda akaendelea peke yake, mlima ukamwua. Je, hilo ni onyo au ni heshima? Ni vyote viwili, na hakuna ubao mdogo unaoweza kulibeba bila kulipotosha.

Kwa hiyo majina yabaki kwenye mawe, na sababu ziwekwe mahali pengine, bila majina. Ubao mmoja, unaobadilishwa kila mwaka, wenye ajali kumi au kumi na mbili zilizochaguliwa kutoka kumbukumbu za waokoaji wa milimani. Kila moja kwa mistari mitatu, ikijibu maswali yale yale: mwezi gani, saa ngapi, mteremko wa nyuzi ngapi, hali ya theluji au mwamba, walikuwa na vifaa gani, na uamuzi wa mwisho waliofanya kabla mambo hayajaharibika. Kwa mfano wa kubuni: "Februari, saa sita mchana. Mteremko wa nyuzi 38 unaotazama mashariki, theluji mpya ya sentimita 40 iliyosukumwa na upepo kwa siku mbili. Watu watano waliovuka pamoja, kifaa cha redio kimoja. Walikuwa wameona maporomoko madogo bonde la pili asubuhi hiyo." Msomaji hawezi kuyakimbia maneno hayo kwa kusema yule alikuwa mzembe, kwa sababu anajiona mle ndani: naye aliona dalili leo asubuhi, naye hakurudi.

Swali la mwisho, la uamuzi, ndilo lenye uzito, na ndilo ripoti nyingi huliruka. Ajali huandikwa kana kwamba ilianza mguu ulipoteleza. Kwa kawaida ilianza saa tatu kabla: walipochelewa kuondoka, walipoona wingu wakajadiliana, walipokubaliana kwamba kilele kimebaki kidogo. Jozef Psotka, Mslovakia, alifika kilele cha Everest Oktoba 1984 bila oksijeni ya chupa, akiwa na miaka 50, akafa akiteremka. Waliofia njia ya kushuka ni wengi kwa sababu zinazoeleweka: miguu imechoka, macho yanatazama chini kwenye kina, joto la mchana limelainisha theluji, na akili imekwisha sherehekea. Ubao ukionyesha saa ya ajali na saa ya kufika kileleni, mtu atalisoma hilo mwenyewe bila kuhubiriwa.

Gharama yake si kubwa. Kinachotakiwa zaidi ni kuheshimu taratibu: familia ziulizwe, upite muda wa kutosha tangu msiba, vielelezo vinavyomtambulisha mtu viondolewe, na mtaalamu wa theluji na daktari wayapitie maelezo yote kabla hayajachapishwa. Ubao uwe na namba za waokoaji kwa herufi kubwa: 18300 upande wa Slovakia, 985 upande wa Poland, au 112 popote. Na uelezwe ukweli ambao wageni wengi hawaujui, kwamba tangu mwaka 2006 uokoaji milimani Slovakia hulipiwa na aliyeokolewa asipokuwa na bima. Wapo waliochelewa kupiga simu kwa hofu ya ankara iliyoonekana kubwa kuliko hatari yenyewe; bima inunuliwe kabla, ili siku ya shida mtu asihesabu pesa.

Limebaki swali la pa kuuweka, na hapa sikubaliani na wazo la kwanza linalomjia kila mtu, yaani kuuweka kwenye lango la makaburi. Njia inayopita kati ya vibao hufungwa majira ya baridi, kwa kuwa mteremko ulio juu yake hushusha maporomoko ya theluji. Maana yake, katika miezi ambayo theluji huua, mahali palipojengwa kwa ajili ya kuonya hapana msomaji. Wanaokwenda milimani Januari na Februari, wakiwamo wakwea milima wa vyama wanaoruhusiwa kupita pale njia za juu zinapofungwa kwa watalii, hupitia barabara ya lami inayoanza kwenye kituo cha treni ndogo ya umeme na kupanda kama saa moja na robo hadi kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, iliyo wazi mwaka mzima. Ubao usimame mwanzo wa barabara hiyo, upande wa kulia wa anayepanda, kwenye kimo cha macho na juu ya usawa wa theluji inayorundikwa na magari ya kusafisha njia. Hapo mtu bado ana nguvu, bado ana chaguo, na treni ya kumrudisha bado ipo.